Nchi Isiyorudisha Sahani Tupu

Jina la nchi yetu silitaji, na wala si kwa uoga. Tulilitoa. Sasa limeandikwa ubavuni mwa meli za marafiki zetu wa ng'ambo, na serikali imetuomba tusilitamke ovyo, meli zisije zikadhani zinaitwa nyumbani. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu", nanyi mtanielewa. Asiyeelewa, basi kwao bado wana jina. Namwombea alitunze.

Sisi ni watu wa adabu. Jirani akikuletea chakula, sahani yake hairudi tupu. Utatia maandazi, au ndimu, au kipande cha boga. Ukikosa kabisa utatia chumvi kidogo, ufunike kawa la ukindu, uipeleke. Nyumba moja tu ndiyo yenye ruhusa ya kurudisha sahani tupu: nyumba iliyofiwa. Hiyo haiulizwi. Ukipokea sahani tupu unajua kuna mtu amelazwa chali ndani, unavua viatu, unaingia kulia nao.

Waasisi wetu waliipenda desturi hii wakaiandika kwenye Katiba, ibara ya kwanza, juu kidogo ya ibara ya uhai. Ikaundwa Wizara ya Shukurani. Kazi yake ni moja: taifa likipewa kitu, wizara iamue sahani itarudi na nini. Ina jengo refu kuliko yote mjini. Wizara ya Afya haina jengo. Inakaa kwenye ngazi za Wizara ya Shukurani, na watumishi wake husogeza miguu wageni wakipita.

Wageni wenyewe hasa ni wawili. Mmoja yuko upande linakotokea jua, tunamwita Rafiki wa Maawio. Mwingine yuko linakozama, Rafiki wa Machweo. Wao kwa wao hawapendani, lakini wote wanatupenda sisi, na kila mmoja hutuonea huruma kwa kupendwa na mwenzake.

*

Rafiki wa Maawio alipotujengea Hospitali Kuu ya Urafiki, tulilia. Mimi mwenyewe nililia. Ilikuwa na vioo toka chini hadi juu, na lifti inayomkaribisha mgonjwa kwa lugha ya Maawio. Vibao vyote viliandikwa kwa herufi za huko, nasi tukavizoea: alama kama mtu aliyebeba kuni ni maabara, kama nyumba yenye mapaa mawili ni wodi ya wazazi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alifuata alama ya mwavuli akidhani ni dirisha la dawa, akatokea chumba cha maiti. Alirudi akasema huduma ni ya utulivu sana.

Siku ya kukabidhiwa, Waziri wa Shukurani, Mheshimiwa Mwinchande, alipanda jukwaani. Ni mtu mnene mwenye sauti laini, na akizungumza hufumba macho kama anayeonja mchuzi.

"Ndugu wananchi," akasema, "tumeletewa sahani pana. Ni nani kati yenu anayetaka irudi tupu?"

Hakuna aliyetaka. Basi ikatiwa bandari.

Balozi wa Maawio alisema, "Hii ni nyingi mno," akaipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Toka siku ile samaki tunakula wa kopo. Kwenye kopo kuna picha ya bandari yetu, imepigwa vizuri, mpaka mtu anatamani kwenda.

Lakini nisiwe mnyimi wa fadhila: hospitali ilifanya kazi. Namjua iliyemfanyia kazi. Ni Bi Mwanakombo, jirani yangu, ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akipika vitumbua mpaka figo zake zikagoma. Binti yake wa pekee, Sikudhani, alikuwa muuguzi. Maawio walimchukua kwao wakamfundisha mashine ya kusafisha damu, akarudi, na kila baada ya siku chache akawa anamlaza mama yake kitandani, anamchoma sindano mbili, na damu inatoka, inazunguka kwenye mipira, inarudi.

Nilikuwa nikimsindikiza. Bi Mwanakombo alipenda kuitazama ile mipira.

"Damu yangu inatembea huko nje bila mimi," alisema mara moja. "Inakwenda wapi?"

"Inakwenda kuoga, mama. Itarudi," akajibu Sikudhani.

"Angalieni isipewe mtu."

Tulicheka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa hacheki kamwe. Tukitoka nje Sikudhani alininong'oneza aliyoambiwa na daktari: mama akikosa mashine wiki mbili, hatafika ya tatu. Alisema vile mtu anavyosema mvua ikinyesha paa litavuja. Hakuwa na wasiwasi. Mashine ilikuwepo, na mikono ilikuwepo.

*

Rafiki wa Machweo aliposikia habari za hospitali, alinuna. Kwanza alitufanyia semina. Kwa siku nzima, katika hoteli yenye ubaridi, tulielezwa hatari za kupokea zawadi, kisha kila mmoja akapewa zawadi ya mfuko, kofia na mwavuli. Halafu zikaja ndege mbili zimejaa dawa ya homa ya theluji.

Kwetu theluji hatujawahi kuiona. Lakini tulipanga foleni tukanywa wote, wakubwa kwa wadogo, na mpaka leo hajatokea hata mmoja aliyeugua theluji. Balozi wa Machweo alisema haya ni mafanikio makubwa. Akapiga picha akiwa amembeba mtoto, mtoto akiwa amebeba mwavuli. Kisha akasimama kando, mikono nyuma, kama jirani aliyeleta sahani anayesubiri kusikia kishindo cha kabati.

Baraza la Mawaziri likakaa. Tulilisikiliza redioni, maana vikao vya shukurani hurushwa hewani.

"Tutie mlima," alisema Waziri wa Utalii.

"Mlima ulikwenda na barabara ya lami," alisema wa Ardhi.

"Ziwa?"

"Ziwa lilikwenda na uwanja wa mpira."

"Punda."

"Ngozi za punda zilitangulia, Mheshimiwa, na punda wenyewe wakazifuata."

"Hewa ya msituni, basi. Inavutwa bure."

"Hewa ya msituni ni ya Machweo tayari. Sisi tunaruhusiwa kuivuta tu, siyo kuihesabu."

Mtu akataja kura yetu katika Baraza la Dunia. Ikakumbukwa kwamba mjumbe wetu kule hunyanyua mkono wa kulia kwa ajili ya Maawio na wa kushoto kwa ajili ya Machweo, na hana mkono wa tatu. Redioni kukawa kimya. Tukasikia mtu akijikuna.

Kimya kile kilimpandisha Mheshimiwa Mwinchande presha. Akakimbizwa Hospitali ya Urafiki. Akalazwa, akashikwa mkono, akapimwa, akafunikwa shuka, akaambiwa "pole baba" na Sikudhani. Akafumbua macho, akawatazama wauguzi wakipita na sinia zao, sare nyeupe, safi, wenye kujua kazi. Akakumbuka kwamba kule Machweo wazee ni wengi na wanaowaosha ni wachache.

Alipona papo hapo. Alitoka na soksi tu.

"Nimekiona cha kutia," akasema.

*

Wauguzi walipewa heshima ya kuitwa Kitoweo cha Taifa. Hati zao za kusafiria zilikusanywa ili zisipotee. Sikudhani akaandika barua ya kukataa. Akajibiwa kwa simu, na sauti nzuri ya kike, kwamba kitoweo hakiandiki barua.

Akaenda mwenyewe wizarani. Badala ya kumjibu yeye, Mheshimiwa Mwinchande akaja kwa mama yake. Alikuja mchana, na wapiga picha. Bi Mwanakombo alikuwa barazani anachagua mchele, mimi nimekaa karibu yake. Walinzi wakasimama chini ya mdimu wake wakaanza kuchuma.

"Shikamoo mama," Waziri akasema, akakalia kigoda, nacho kikalalama chini yake.

"Marahaba. Waambie vijana wako wachume zilizoiva. Hizo wanazoziangusha ni changa."

"Mama, mtaa mzima unasema hakuna mwenye adabu kama wewe. Nimekuja kujifunza. Hebu niambie. Toka uolewe, umewahi kurudisha sahani ya mtu tupu?"

Bi Mwanakombo akapepeta ungo. "Sijawahi. Lakini baba, mimi hurudisha ndimu. Mti ni wangu, na zikichumwa zinaota nyingine. Sijawahi kumtia mwanangu kwenye sahani ya mtu."

Waziri alikuwa amekwisha kufumba macho. "Mmesikia," akawaambia wapiga picha. "Sijawahi."

Jioni ile redio ilitangaza: Mama wa muuguzi aunga mkono. Alipoulizwa kama nchi irudishe sahani tupu, alijibu kwa uchungu wa kizalendo: "Sijawahi."

Sikudhani alikuja akakaa miguuni pa mama yake, hajavua sare.

"Mama, nikitoroka?"

"Utatorokea wapi? Barabara ni za Maawio, mpaka ni wa Machweo."

"Nani atakuchoma sindano?"

"Si wanasema wataleta mwingine?"

"Nani? Wanaoijua ile mashine tuko wawili, na Time, muuguzi mwenzangu, naye yumo kwenye sahani."

Bi Mwanakombo akamshika kichwa. Miguu ya huyo mama siku zile ilikuwa miembamba, mizuri, ya mtu mwenye maji kiasi chake.

"Mama Machano," akaniita mimi, "hivi ni nani aliyewaambia watu hawa sahani lazima ijae? Mama yangu alikuwa akitia ndimu moja. Moja. Ilikuwa ni kusema tu, nimekula, nimekuona. Ndimu moja ilitosha."

Mimi ni mtu wa kawaida, nilidhani serikali inajua kipimo.

*

Sherehe ya kuwaaga ilifana. Uwanjani lilijengwa jukwaa la duara, limechorwa maua ya bluu ukingoni kama sahani za bati za bibi zetu. Wauguzi walipandishwa juu, wamepangwa kwa kimo, warefu katikati. Winchi la Rafiki wa Maawio, ambalo tuliazimwa kwa siku ile, likateremsha kawa kubwa kuliko nyumba, la ukindu mtupu, kazi ya mikono ya wanawake wa mikoa yote. Balozi wa Machweo akasema hii ni nyingi mno.

Kawa likawafunika. Bendi ikapiga. Mimi nilikuwa nimemshika mkono Bi Mwanakombo, na katikati ya bendi tukasikia, kwa mbali, kama wale kuku wanaofunikwa tenga, sauti za watu wanaoulizana waliko.

"Yule wa kukohoa ni Sikudhani," mama yake akaniambia. "Ukindu mpya unamkera toka utotoni."

Jioni ndege ikaondoka.

Hospitali ilibaki palepale na inapendeza. Lifti iliendelea kumkaribisha kila aliyeingia. Tulikwenda siku ya sindano, tukapanda, tukakaa kando ya mashine. Ilikuwa imefutwa vumbi. Daktari alikuja akaitazama upande huu na upande ule, akasoma maelekezo yake, ambayo kwa herufi alizozijua yalimweleza kwamba kuna mwavuli, na mtu aliyebeba kuni. Alisema pole. Alisema tuje tena. Tulikuja tena.

Ukitaka kusema kweli, Rafiki wa Maawio hakututupa. Balozi wake alipoona wodi zimebaki na vitanda tu, alikwenda Wizara ya Shukurani akasema nchi yake iko tayari kuleta wauguzi, wiki hiyohiyo, na kila mmoja anaijua mashine. Jambo hili ninalolisimulia sasa halikufichwa. Lilisomwa redioni kwa fahari.

Mheshimiwa Mwinchande alishukuru sana. Akatazama ndani ya kabati la taifa. Hakuna mlima, hakuna ziwa, hakuna bandari, hakuna punda, hakuna jina. Akamrudia Balozi, machozi yakimlenga, akamwambia: "Ndugu yangu, sisi ni watu wa adabu. Hatuwezi kupokea sahani tusiyokuwa na cha kuirudishia."

Akakataa wauguzi.

Wananchi walipiga makofi. Na mimi, nisiwafiche, nilikaribia kupiga. Mikono ilikuwa imekwisha kunyanyuka. Nikageuka nikamwona Bi Mwanakombo amekaa karibu na redio, miguu imejaa kama magunia, ngozi inang'aa, na kidole changu nikikibonyeza pale kinaacha shimo lisilofumba.

"Wamekataa?" akaniuliza.

"Wamekataa."

"Kwa adabu?"

"Kwa adabu."

Akatikisa kichwa. "Basi hakuna wa kumlaumu," akasema, na sijui kama alikuwa anacheka.

*

Sikudhani alikuwa akipiga simu. Kule anamwosha mama mmoja mzee anayekaa peke yake na paka. "Namwita bibi, ananikataza, anasema yeye si bibi yangu," alinieleza. "Anataka nimwite jina lake, hivihivi, kama rika langu. Ulimi unakataa, Ma' Machano. Mama anakula?"

"Anakula."

"Miguu?"

"Miguu iko palepale."

"Ibonyeze, uniambie."

Nilinyamaza kama mtu anayebonyeza. "Imerudi," nikamwambia. "Imefumba."

Alipumua. Nilimsikia akipumua, nchi zote hizo katikati.

Ile wiki ya pili Bi Mwanakombo akasema anataka kupika. Nilimwambia akae, akasema amekaa kiasi cha kutosha. Akapika mchicha wa nazi, akipumzika kila baada ya kukuna kidogo, kisha akanipitishia sahani juu ya ukuta, ile sahani yake ya bati yenye ua la bluu, imefunikwa. Nilimwambia nitairudisha kesho.

"Usichelewe," akasema. "Nina mbili tu."

Kesho yake alikuwa hawezi kulala chini, maji yamempanda kifuani, akalala ameketi, mimi nimemwegemeza mgongo. Aliniuliza kama damu yake imerudi. Nikamwambia imerudi, imekwisha kuoga. Akafa alasiri, lifti ikiwa nzima, mashine ikiwa nzima, vioo vyote vikiwa vizima.

Sikudhani hakuja. Aliomba ruhusa, akaambiwa kwamba kilichokwisha kupakuliwa hakirudi chunguni.

*

Marafiki wetu ni watu wema. Siku ya pili ya msiba zilikuja rambirambi. Maawio walileta sahani ya fedha pana kama meza, imejaa biskuti za kwao. Machweo waliposikia, wakarudi nyuma na ile waliyokuwa nayo, wakaja na pana zaidi, biskuti zao zina bendera. Mabalozi wote wawili walikaa mkekani, wakatazamana, na kila mmoja akakaa kidogo zaidi ili asitangulie kuondoka, mpaka tukawapikia chakula cha usiku.

Baada ya siku ya tatu akaja Mheshimiwa Mwinchande. Alitoa pole. Alisema marehemu alikuwa mwalimu wake. Kisha akainama sikioni kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika nyumba.

"Mama Machano, zile sahani mbili. Zitarudi lini, na zitarudi na nini? Mabalozi wanauliza."

"Zitarudi kesho, Mheshimiwa. Zitaletwa wizarani kwako."

Akafurahi. Akaita wapiga picha.

Tulizibeba wanawake wa mtaa mzima, kwa zamu, maana fedha ni nzito. Juu tumefunika makawa, yale ya msibani, yaliyokwisha kukatika ukingo. Kwenye ngazi watu wa Wizara ya Afya wakasogeza miguu, na mmoja wao, sijui alihisi nini, akavua viatu. Ndani walikuwa wamekaa Waziri katikati, Balozi huku na Balozi huku. Tukatua sahani mbele yao.

Mheshimiwa Mwinchande akafumba macho. "Ndugu wageni," akasema, "nchi yetu ni maskini, lakini." Akafunua kawa la kwanza. Akafumbua macho. Akafunua la pili.

Fedha ilikuwa imesuguliwa vizuri kwa jivu. Alijiona mwenyewe mara mbili.

"Mmesahau kutia," akasema polepole.

"Hatukusahau, Mheshimiwa."

"Sahani ya nchi hii hairudi tupu."

"Hairudi," nikasema. "Ila kwa nyumba iliyofiwa."

Balozi wa Maawio alimtazama Balozi wa Machweo, kisha wote wawili wakatazama viatu vyao, ambavyo walikuwa wamevivaa.

Imeundwa kamati. Inachunguza ndani ya zile sahani kulikuwa na nini, kwa kuwa haiwezekani kisheria kwamba hakukuwa na kitu. Wataalamu wameletwa, nusu Maawio, nusu Machweo, na wizara inatafuta cha kuwarudishia.

Sahani ya Bi Mwanakombo ninayo mimi. Ile ya bati, yenye ua la bluu. Nimeiosha, nimetia ndimu moja ya mdimu wake, nimefunika. Kila asubuhi nasimama nayo pale ukutani, na ndimu ikinyauka nachuma nyingine.